Umeme na mkongo: Serikali yachimba mara mbili, mlaji alipa

KILA mwaka Waziri wa Nishati anaposimama bungeni kuomba fedha, hutaja vijiji vilivyofikishiwa umeme. Siku chache kabla au baada ya hapo husimama mwenzake wa mawasiliano, naye hutaja minara iliyosimikwa na kilomita za mkongo zilizotandazwa. Wote wawili hupigiwa makofi, na kwa sehemu kubwa takwimu zao ni za kweli. Jambo ambalo ni nadra kusikika katika hotuba zote mbili ni minara mingapi kati ya hiyo inawaka kwa umeme wa TANESCO, na mingapi inaunguza dizeli.

Swali hilo linaweza kuonekana dogo, la mafundi, lakini kwa wakala wa fedha za simu katika kijiji cha ndani si dogo hata kidogo. Mafuta ya jenereta ya mnara yakiisha, au yakiibwa (na wizi wa dizeli minarani ni biashara inayojulikana), duka lake linakuwa kibanda chenye meza na kalamu. Mteja aliyekuja kutoa fedha ya mbolea anarudi nyumbani mikono mitupu. Na kinachoudhi zaidi ni kwamba, katika sehemu nyingi, nguzo za umeme wa vijijini zimepita pale pale, hatua chache kutoka kwenye mnara.

Serikali haikulala katika miaka hii. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi 2007, umefikisha laini katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Kazi iliyobaki ni ya vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, lilianza kuingiza umeme katika Gridi ya Taifa mapema 2024, na mwaka 2025 mitambo yote ikakamilika na kutimiza megawati 2,115. Kutokana na hilo, uwezo wa nchi kuzalisha ulipita megawati 4,000 wakati mahitaji ya juu kabisa ya mwaka huo yalikuwa karibu 1,900. Kwa wale wanaokumbuka mgawo wa 1992 na 1994, au ule wa 2006 ulioleta kashfa ya Richmond na kumwangusha Waziri Mkuu Februari 2008, hali hiyo ni kama hadithi.

Upande wa mawasiliano nao una ya kujivunia. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa ulianza 2009 kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, mwaka ule ule nyaya za SEACOM zilipotua Dar es Salaam kutoka baharini. EASSy ilifuata 2010. Kabla ya hapo nchi ilikuwa inanunua intaneti ya setilaiti kwa bei ambayo ni ofisi za balozi, mabenki na migodi tu zilizoimudu. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia saini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 vijijini, kazi iliyohusishwa na mradi wa Tanzania ya Kidijitali wenye mkopo wa Dola milioni 150 kutoka Benki ya Dunia.

Kwa hiyo fedha zipo, umeme upo na nyaya zipo. Tatizo ni kwamba mifuko hii miwili haisalimiani.

Mfuko wa mawasiliano huchagua kata zake kwa kuangalia ni wapi hakuna mawimbi ya simu. REA huchagua vitongoji vyake kwa ramani yake yenyewe, wakandarasi wake na kalenda yake. Hata pale ramani hizo zinapoangukia kijiji kimoja, hakuna kinachomlazimisha mkandarasi wa umeme ashushe transfoma mahali mnara utakaposimama, wala kinachomlazimisha mjenzi wa mnara asubiri laini. Kila mmoja ana tarehe yake ya kukabidhi kazi na kila mmoja ana faini yake akichelewa. Kampuni ya simu, ambayo haiwezi kukaa mwaka mzima ikisubiri foleni ya kuunganishwa, inanunua jenereta, au paneli za jua na betri, na kuendelea. Baada ya miaka miwili laini ya umeme inafika. Wakati huo gharama ya jenereta imekwishaingia katika vitabu, na nani atakuwa na haraka ya kuanza tena maombi mapya?

Hapo ndipo hesabu inapouma, na inafaa ifanywe waziwazi. Chukua mfano wa mnara wa kawaida wa kijijini unaotumia kilowati mbili usiku na mchana. Kwa siku 30 unatumia uniti 1,440. Kwa bei ya Sh 292 kwa uniti, ambayo ndiyo iliyozoeleka kwa wateja wa kundi la T1, bili ni Sh 420,480 kabla ya kodi. Ongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA, inakuwa kama Sh 513,000. Sasa mnara huo huo uendeshwe kwa jenereta. Tukiwa wakarimu na kusema theluthi moja ya lita inatoa uniti moja, zinahitajika lita 480 kwa mwezi. Dizeli ikiwa Sh 2,800 kwa lita, ni Sh 1,344,000, bila kuhesabu gari la kupeleka mafuta, fundi, vipuri, mlinzi, na lita zinazopotea njiani. Jenereta inakula zaidi ya mara mbili na nusu ya umeme wa gridi pamoja na kodi zake zote.

Tofauti hiyo ya zaidi ya Sh 800,000 kila mwezi kwa kila mnara hailipwi na malaika. Inaingia katika bei ya bando, na kwa kuwa bando la kijijini na la mjini huuzwa bei moja, mama anayeuza chakula Buguruni anachangia dizeli ya mlimani Ukaguru bila kujua. Au, pale kampuni inapoona hesabu haikubali, mnara haujengwi mpaka Serikali itoe ruzuku. Maana yake ni kwamba sehemu ya ruzuku inayotoka katika mfuko wa mawasiliano inakwenda kununua mafuta, katika nchi ambayo Machi 2024 ilikuwa na umeme wa ziada kiasi cha TANESCO kuzima mitambo katika baadhi ya vituo vyake vya maji.

Upande wa pili wa hesabu hiyo unaihusu TANESCO yenyewe. Mteja wa kijijini anayeingizwa na REA kwa ada ya Sh 27,000 kwa kawaida huangukia kundi la D1, ambalo hulipa Sh 100 kwa uniti ilimradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Mteja huyo akitumia uniti zote 75 analipa Sh 7,500, na wengi hawafiki hata nusu. Taa tatu, redio na kuchaji simu haziwezi kuzimaliza. Shirika linalotunza kilomita nyingi za laini kwa ajili ya wateja wa aina hiyo linapata hasara kila mwezi, na kila nguzo inayoliwa na mchwa inaongeza hasara. Mnara mmoja wa mfano ule, kabla ya kodi, unaleta mapato sawa na kaya 56 zinazomaliza uniti zao zote. Tena mnara haulali, haupungui matumizi wakati wa njaa, na hulipwa na kampuni yenye akaunti benki.

Mfanyabiashara yeyote wa kawaida akipewa njia mpya ya kusambaza soda huanza na wateja wakubwa wa njia hiyo, kisha wadogo hufuata kwa faida ya wale wakubwa. Katika umeme wa vijijini njia imechorwa kwa kuhesabu paa za nyumba. Mnara wa simu, mashine ya kukoboa, pampu ya maji na ghala la chama cha ushirika vimekuwa vitu vya kukumbukwa baadaye, kwa barua ya maombi.

Ghala la ushirika linastahili neno la ziada, kwa sababu ndipo siasa hii ya vyumba viwili inapogusa bei ya zao. Katika mikoa ya Mtwara na Lindi korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani, na tangu msimu wa 2024 minada imekuwa ikiendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa, TMX. Mnada wa kwanza wa Oktoba 2024 ulipita Sh 4,000 kwa kilo, bei iliyowafanya wakulima washangilie. Mfumo huo una sifa ya wazi: mnunuzi hahitaji tena kusafiri na bahasha yake hadi Newala au Tandahimba, na wanaopanga bei pembeni wanapata taabu zaidi. Lakini mnada wa mtandao unahitaji mtandao. Unahitaji pia umeme ghalani kwa ajili ya mizani na kompyuta, na mnara wenye nguvu wakati mkulima anaposubiri ujumbe wa malipo katika simu yake.

Mikoa hiyo hiyo miwili, kwa kejeli ya historia, ndiyo yenye gesi. Bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilikamilika 2015, miaka miwili baada ya wananchi wa Mtwara kuandamana mwaka 2013 wakitaka gesi iwanufaishe kwanza wao. Gesi ikaenda, ikawasha mitambo ya Dar es Salaam, na kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zikaendelea kutegemea mitambo midogo iliyokuwa nje ya Gridi ya Taifa, ambayo mmoja ukiharibika mji mzima unajua. Mkongo wa Taifa ulipowafikia ulikuta hali hiyo. Waya wa mwanga unapitisha data nyingi kwa sekunde moja, lakini vifaa vya ncha zake zote mbili huchomekwa ukutani kama pasi.

Wapo watakaosema kwamba shida ya kweli ya umeme ni usafirishaji, na kwamba minara itanufaika yenyewe gridi itakapoimarika. Hoja hiyo ina uzito. Aprili 1, 2024, wiki chache tu baada ya mtambo wa kwanza wa Rufiji kuwashwa, Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani. Umeme wenyewe ulikuwepo. Machi 2025 Rais alitangaza kwamba Serikali itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa maelezo kwamba kuusafirisha kutoka kusini hadi Kilimanjaro na Arusha kunapoteza umeme mwingi njiani. Wengi walicheka, wakiuliza nchi yenye bwawa kubwa namna ile inanunua vipi kwa jirani. Kibiashara hakukuwa na cha kuchekesha. Muuza nyanya wa Lushoto hapeleki mzigo Mbeya kwa sababu tu anazo nyanya nyingi.

Hata hivyo, gridi imara haiuunganishi mnara ambao haumo katika mchoro wa mkandarasi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na la pili halihitaji bwawa jingine wala mkopo mpya. Linahitaji maofisa wa wizara mbili wakae meza moja kabla ya zabuni kutangazwa.

Ajabu ni kwamba meza hiyo iliwahi kuwapo. Mkongo wa Taifa ulipojengwa, sehemu yake ilitumia nyaya za mwanga zilizokuwa zimefungwa juu kabisa ya laini za msongo mkubwa za TANESCO, pale unapopita waya wa kukinga radi. Ilikuwa akili nzuri: hapakuhitajika mtaro, hapakuwa na mkulima wa kulipwa fidia, wala greda la barabara la kukata waya. Akili hiyo iliishia kwenye laini kubwa. Ilipofika zamu ya laini ndogo zinazoingia vijijini na mitaani, kila mtu akarudi na jembe lake. Ndiyo maana katika barabara za Dar es Salaam na Dodoma mtaro unafukuliwa, unafukiwa, na baada ya miezi michache unafukuliwa tena na kampuni nyingine, huku mwenye duka akiweka mbao ili wateja wavuke.

Majirani wa Kenya wamekwenda mbele kidogo katika jambo hili, ingawa nao si malaika. Kenya Power hukodisha nyuzi zilizo kwenye laini zake kwa kampuni za simu na intaneti, na hutoza ada kwa nyaya zinazoning'inizwa katika nguzo zake mijini. Zipo ghasia zake. Nguzo za Nairobi zimejaa nyaya kama nywele zisizochanwa, na ugomvi wa nani amelipa na nani hajalipa hauishi. Lakini nguzo ile ile inaingiza mapato mara mbili. Hata mpango wa Serikali ya Kenya uliotangazwa 2022, wa kilomita 100,000 za mkongo, ulitegemea nguzo za umeme kufika mbali kwa bei nafuu.

Kwa Tanzania kikwazo si ufundi, ni nani atahesabiwa mapato. TTCL, iliyofanywa Shirika la umma kwa sheria ya 2017 baada ya Serikali kununua hisa za Bharti Airtel 2016, ndiyo inayosimamia Mkongo wa Taifa kwa niaba ya Serikali. Wakati huo huo TTCL inauza intaneti yake kwa mlaji, ikishindana na kampuni zile zile zinazonunua nafasi ya jumla katika mkongo. Ni mwamuzi mwenye jezi ya timu mojawapo. Kampuni binafsi ziliona hivyo mapema, zikajenga mikongo yao sambamba, jambo linaloeleza kwa nini barabara moja kuu inaweza kuwa na nyaya tatu pembeni na kilomita 20 ndani ya shamba kusiwe na hata moja. Mwenye mizigo akishindania abiria na wenye magari aliowakodishia barabara, hatashangaa wakitafuta njia ya vumbi.

TANESCO nayo ina kesi yake. Mpango wa mageuzi wa 2014 hadi 2025 ulitaka shirika hilo ligawanywe, wazalishaji waachane na wasafirishaji na wasambazaji. Muda wa mpango umekwisha na TANESCO bado ni moja. Si lazima kila mageuzi ya karatasi yawe na hekima, na waliokuwa wakiogopa kugawanywa walikuwa na sababu. Nchi haikusahau gharama ya mkataba wa IPTL wa 1995. Lakini kampuni ya usambazaji iliyosimama peke yake, yenye meneja anayepimwa kwa mapato ya kila transfoma, isingekaa miaka ikiangalia mteja wa Sh 400,000 akiunguza dizeli pembeni ya nguzo yake. Ingemtuma mtu akabishe hodi.

Yapo mambo ambayo umeme hauwezi kuyatibu. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini karibu na Afrika Kusini, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, na mabenki yalikaa yakiangalia skrini. Na Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini na kukaa hivyo kwa siku kadhaa. Mawakala, wauza tiketi na wasafirishaji wa mizigo walijionea kwamba miundombinu inaweza kuwa kamili na biashara isiwepo. Mwekezaji anayepima kama aweke kituo cha data Dar es Salaam au Mombasa huandika tarehe zote mbili katika daftari lake, na ya pili huipigia mstari, kwa sababu nanga ya meli haina sera.

Kwa suala la minara na nguzo, hata hivyo, dawa iko karibu. Mikataba ya umeme wa vitongoji inaendelea kusainiwa, na baada ya mkutano wa wakuu wa nchi kuhusu nishati uliofanyika Dar es Salaam Januari 2025, ambapo Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika zilirudia lengo la kuwaunganisha Waafrika milioni 300 ifikapo 2030, fedha za kazi hiyo zitakuwa nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Katika kila mkataba wa aina hiyo kuna kiambatisho chenye orodha ya vitongoji, urefu wa laini, idadi ya transfoma na wateja wa awali. Kuongeza safu moja inayosema kama mnara wa simu upo au umepangwa, uko umbali gani na utaunganishwa siku gani, ni kazi ya mchana mmoja kwa karani mwenye orodha mbili mbele yake.

Kampuni za minara zingekubali kuchangia gharama ya laini kwa furaha, maana tofauti ya Sh 800,000 kwa mwezi inarudisha fedha haraka. Mfuko wa mawasiliano ungeweza kushusha ruzuku yake kwa kila mnara ulio karibu na laini na kuipeleka kule ambako hata REA haijafika. Nguzo za laini mpya zingeweza kubeba waya wa mkongo tangu siku ya kwanza, kwa ada itakayopangwa na EWURA na TCRA kwa pamoja, ili isiwe ada ya kukomoana.

Wakandarasi wa awamu ijayo watakapopewa maeneo yao kusini, msimu wa korosho nao utakuwa na kalenda yake: minada huanza Oktoba. Chama cha msingi kitakachokuwa na laini ghalani na mnara usiozimika kitauza siku hiyo. Ambacho hakina kitampandisha karani wake bodaboda, na simu mkononi, akatafute mawimbi barabara kuu.